Nguzo moja, paa zima: siku sita katika vituo vya Charles Holden, London

Jumatatu, Piccadilly Circus

Nimefikia kwa dada yangu, Walthamstow, kaskazini mashariki ya London. Jana usiku, tukila ugali na dagaa niliowaletea, shemeji aliniuliza kesho naanzia wapi. Nikamwambia naanza na stesheni ya treni.

"Shemeji, watu wakija huku huenda kuona kasri la mfalme. Wewe umepanda ndege kuja kuangalia stesheni?"

Nikamwambia ndiyo, na sababu ninayo. Mimi ni msimamizi wa ujenzi. Miaka kumi na minne nimeshinda kwenye zege na nondo Dar es Salaam, na karibu kila mradi una siku yake mbaya: hela imebana, mtu anafungua michoro na kuanza kufuta. Benchi, toa. Madirisha ya juu, toa. Reli ya katikati ya ngazi ya nini? Toa. Nimekuwepo mezani siku hizo, na mara nyingine nimenyamaza. Nilipopata likizo nikaamua kuja kuona vituo vya treni ya chini ya ardhi alivyovichora Charles Holden kati ya miaka ya 1920 na 1940. Nilikuwa nimesoma kwamba kwake hata taa ya ngazini ilichorwa na mtu aliyeifikiria.

Piccadilly Circus ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu hakuna jengo la kutazama. Unashuka ngazi kutoka barabarani, na ghafla uko kwenye ukumbi wa mviringo, mkubwa, chini kabisa ya magari. Kituo cha kwanza hapa kilifunguliwa mwaka 1906 kikiwa na lifti, lakini abiria waliongezeka hadi lifti zikashindwa. Mwaka 1925 wakaanza kuchimba. Sanamu maarufu iliyosimama juu, ile watu wanayoiita Eros, ikabidi ihamishwe ili wapate nafasi ya kushuka. Kazi ilifanyika huku barabara ikiendelea kutumika. Ukumbi mpya ulifunguliwa tarehe 10 Desemba 1928, na ngazi za umeme kumi na moja.

Nimezunguka ukumbi mara tatu. Kuta zina mawe ya travatini, kuna madirisha ya maduka, na nguzo zimepangwa kufuata mviringo wa ukumbi, kwa hiyo unatembea bila kukutana na kona. Mtu asiyejua njia hapotei, anazunguka tu mpaka aione. Hilo la kona nimeliandika kwenye daftari.

Ukutani kuna ramani ya dunia yenye ukanda wa saa unaokatiza katikati, uliotengenezwa utembee kulifuata jua, ili abiria ajue sasa hivi ni saa ngapi Bombay au New York. Nikaitafuta pwani yetu kwa kidole. Saa nne asubuhi ya London, nyumbani ni saa saba mchana, mama amemaliza kupika. Kwa nini waliweka saa ya dunia kwenye kituo ambacho watu wanakimbilia kazini? Sijui kama mtu alishinda ubishi mezani siku ile, ila nimefurahi kwamba haikufutwa.

Jumanne, Sudbury Town

Leo nimekwenda magharibi, safari ndefu. Sudbury Town ipo juu ya ardhi, lakini ndiko mambo mapya yalikoanzia.

Huwezi kumtaja Holden bila Frank Pick. Pick alisomea sheria, akaingia kwenye reli, na mwaka 1928 akawa mkurugenzi mtendaji wa kundi la kampuni za Underground, yaani treni hizi za chini ya ardhi. Ndiye aliyemwagiza Edward Johnston achore herufi ambazo hadi leo zimeandikwa kwenye kila kibao cha kituo, zile ambazo O yake ni duara kamili na nukta ya i ni almasi. Zilianza kutumika mwaka 1916. Pick alikuwa mtu wa kutembelea vituo mwenyewe na kukagua. Holden alikuwa mtulivu, mzaliwa wa Bolton mwaka 1875, mtu wa maisha ya kawaida kabisa. Mwaka 1930 wawili hao walisafiri pamoja kwenda Ujerumani, Uholanzi, Denmark na Sweden kuangalia majengo mapya. Huko waliona jinsi watu wanavyojenga kwa matofali bila mapambo, mistari imenyooka, na mwanga ukiachwa uingie.

Waliporudi, Holden akachora Sudbury Town, ikafunguliwa Julai 1931. Yeye mwenyewe vituo vya aina hii aliviita masanduku ya matofali yenye vifuniko vya zege. Ukiwa fundi, sifa hiyo inakuingia mara moja. Ni sanduku kweli: kuta ndefu za matofali, slabu bapa juu, na madirisha marefu ya fremu za chuma kutoka usawa wa milango hadi karibu na paa. Madirisha ya namna hiyo nimekua nayo. Maghorofa ya zamani ya Upanga yanayo, yenye vishikio vya chuma vinavyolia ukivifungua.

Nimesimama ndani nikatazama kozi za matofali. Zimenyooka, kiungo kimoja hakijapotea. Ukutani kuna barometa, kifaa cha kuonyesha kama hali ya hewa inageuka. Mtu anaingia kununua tiketi, anatazama, anajua arudi kuchukua mwavuli au asirudi. Nimekaa kwenye benchi la jukwaani mpaka mikono ikaanza kuganda kwa baridi.

Jumatano, Arnos Grove na Southgate

Siku niliyokuwa naingoja.

Treni ya Piccadilly inakwenda kaskazini ndani ya handaki kwa muda mrefu. Ukipita Bounds Green inatoka juani kama mtu aliyeibuka majini, na kituo kinachofuata ni Arnos Grove. Nilipanda kutoka jukwaani, nikapita geti, nikasimama. Mfanyakazi wa kituo aliniona nimeinua kichwa na mdomo uko wazi. Akacheka kwa upole, akasema huwa wanakuja wengi wenye sura hiyo.

Niseme kilichopo. Chini kuna jengo fupi la mraba la matofali. Juu yake limeketi duara pana, kama ngoma iliyowekwa juu ya meza, nalo limezungushiwa madirisha marefu pande zote. Juu kabisa ni slabu ya zege inayotokeza nje ya ukuta kidogo. Ndani, katikati ya ukumbi wote, kuna nguzo moja ya zege yenye pande kumi na sita. Inapanda kutoka sakafuni na kulipokea paa. Ukisimama karibu nayo, mwanga unakujia kutoka kila upande na hakuna kivuli kinachodumu mahali pamoja. Chini ya nguzo hiyo kimejengwa kibanda cha zamani cha tiketi, kimeikumbatia nguzo yenyewe, kwa hiyo mkata tiketi alikaa katikati ya duara na kila aliyeingia alimwona.

Nilifikiria Kariakoo papo hapo. Soko letu lililochorwa na Beda Amuli na kukamilika miaka ya 1970 lina miavuli ile mikubwa ya zege, kila mwavuli na mguu wake mmoja, na chini yake shimoni kwa wauza nafaka na mboga. Nikiwa mtoto nilishikwa mkono na mama pale, nikaamini kwamba paa linashikwa na mti. Hisia ile ile imenirudia leo kwenye nchi ya watu. Nguzo moja katikati inakufanya ujue ulipo. Ukimwambia mtu "nisubiri kwenye nguzo," hamtapoteana.

Wanasema Holden alipata wazo la duara juu ya mraba kutoka maktaba ya jiji la Stockholm, ya msanifu Gunnar Asplund, iliyofunguliwa mwaka 1928, na ukiziweka picha zake kando kwa kando unaona undugu. Lakini maktaba ile ni kubwa na nzito, inasimama kama mzee wa baraza. Arnos Grove ni ndogo. Wamechukua heshima ya jumba la vitabu wakampa mtu anayewahi treni ya saa kumi na mbili asubuhi kwenda kibaruani.

Na ilijengwa wakati wa shida. Reli hii iliongezwa kutoka Finsbury Park kwenda kaskazini kwa msaada wa sheria ya mwaka 1929, iliyoiwezesha serikali kudhamini mikopo na kutoa ruzuku kwa miradi mikubwa ili watu wasio na ajira wapate kazi. Finsbury Park ilikuwa mwisho wa njia, na jioni umati uliteremka hapo na kugombania tramu na mabasi. Yeyote aliyesimama Mbagala saa moja usiku anajua picha hiyo. Tarehe 19 Septemba 1932 treni zikafika Arnos Grove, na mwaka uliofuata zikafika Cockfosters. Dunia nzima ilikuwa imeyumba kiuchumi, na mtu hakusema nguzo hiyo ni anasa.

Nilitoa futi yangu nikapima upana wa mlango na kimo cha dirisha la tiketi. Mfanyakazi yule akaja kuniuliza nafanya nini. Nilipomweleza kazi yangu, alinishikia ncha ya futi.

Mchana nikaenda kituo kimoja mbele, Southgate, kilichofunguliwa Machi 1933. Hiki ni cha chini ya ardhi, na juu yake kuna jengo la mviringo, fupi, paa bapa limetandazwa kama kofia pana, na kileleni kuna kitu mfano wa taa chenye tufe. Mabasi yanalizunguka, maduka yamejipinda kulifuata. Lakini mimi nilikwenda kwa ajili ya ngazi za umeme. Katikati yake zimepangwa taa za shaba nyeusi, nguzo nyembamba zinazotupa mwanga juu darini na siyo machoni mwako. Dari linang'aa, nawe unashuka ndani ya mwanga laini. Nimeshuka na kupanda mara nne. Shaba ile imeguswa na watu kwa zaidi ya miaka tisini na bado imesimama wima.

Alhamisi, Russell Square

Mvua tangu alfajiri. Sikwenda mbali.

Senate House, mnara mweupe wa Chuo Kikuu cha London, nao ni wa Holden, na jengo la zamani la SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, lililo jirani yake pia. Sikujua hilo kabla ya safari. Hapo SOAS ndipo zimehifadhiwa karatasi za William Taylor, mmishonari aliyeishi Mombasa, na miongoni mwake mashairi ya Muyaka bin Haji, yaliyokusanywa kwa msaada wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa. Maktaba yenyewe iko kwenye jengo jipya zaidi la msanifu mwingine. Hata hivyo nilisimama mvuani nikitazama ukuta wa Holden na kumwaza Muyaka, ambaye mitaa ya Mombasa ilimjua kwa sauti kabla hajaandikwa.

Jambo moja zaidi kuhusu Holden. Alipewa nafasi ya kuitwa "Sir" mara mbili, akakataa mara zote mbili. Aliona kwamba jengo ni kazi ya watu wengi. Nimemsomea dada jioni. Akasema, "Huyo ungemwelewa wewe na mafundi wako."

Ijumaa, Bethnal Green

Leo nimebadilisha njia, nimeingia ile ya Central. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kulikuwa na mpango mkubwa wa kuipeleka mashariki, na vituo vyake vilichorwa kwa mkono huo huo: vigae vya rangi ya maziwa, na hapa na pale kigae chenye picha iliyochongwa na Harold Stabler, jengo au alama ya jiji. Bethnal Green ilikuwa haijaisha vita vilipoanza. Reli hakuna, treni hakuna, lakini mahandaki yapo, kwa hiyo wakazi wakayafanya maficho ya mabomu.

Tarehe 3 Machi 1943, saa mbili na robo usiku hivi, king'ora kililia. Watu wakaanza kuingia kama kawaida. Dakika kumi baadaye mizinga ya kudungua ndege ikafyatuliwa kwenye bustani iliyo karibu, mizinga ya aina mpya, mlio ambao hawakuwahi kuusikia. Umati ukasukumana. Mlangoni kulikuwa na ngazi kumi na tisa, zimelowa mvua, na taa moja hafifu kwa sababu ya amri ya giza. Reli ya katikati haikuwepo. Mwanamke aliyekuwa na mtoto alijikwaa karibu na mwisho, aliyemfuata akamwangukia, na wa nyuma hawakuona kitu. Watu 173 walikufa pale, 62 kati yao watoto. Hakuna bomu hata moja lililoanguka mtaani usiku ule.

Halmashauri ya mtaa ilikuwa imeomba fedha za kuuimarisha mlango huo miaka miwili nyuma, ikanyimwa. Baada ya msiba, reli za kushika ngazini zikawekwa.

Nilisimama juu ya ngazi zile. Sasa zina reli, na pembeni kuna ukumbusho uliokamilishwa mwaka 2017: ngazi ya mbao iliyogeuzwa juu chini, inaning'inia hewani, ina vitundu vidogo vya kupitisha mwanga, na majina yameandikwa. Nilisoma majina ya familia moja moja, mengine mama na wanawe wote. Nilikumbuka meza ile ya mikutano, na kikao kimoja hasa, mradi ambao siutaji, ambapo reli ya katikati ilifutwa kwa kalamu nikiwa nimekaa viti viwili kutoka kwa aliyeifuta. Sikusema kitu. Ngazi hizo zinatumika hadi leo. Nikirudi nitakwenda na barua, na nakala yake nitaweka.

Sikupiga picha. Nilishuka, nikashika reli hadi chini.

Jumamosi, Gants Hill

Dada amesema leo anakuja nami, watoto wabaki na baba yao. Tumepanda treni ileile ya Central kuelekea mashariki. Gants Hill nayo haina jengo juu. Kuna kipilefti kikubwa, magari yanazunguka, na vijia vya kupita chini ya barabara. Dada akauliza, "Ndicho hiki?" Nikamwambia asubiri, tushuke tena mpaka chini.

Chini, kati ya jukwaa moja na jingine, kuna ukumbi mrefu wenye dari lililopinda kama pipa lililopasuliwa kwa urefu. Hakuna nguzo za katikati zinazokuzuia. Pembeni ni matao yanayofunguka kwenda kwenye treni za kushoto na kulia, na taa zinamulika darini, mwanga unarudi chini umelainika. Dada alinyamaza kabisa, naye si mtu wa kunyamaza.

Umbo hili lina asili yake Moscow. Wahandisi wa London waliwashauri Warusi walipojenga metro yao, iliyofunguliwa mwaka 1935, na Holden akachukua kutoka kwao wazo la ukumbi mpana kati ya majukwaa. Ila Moscow walijaza marumaru na taa za vito. Holden aliacha pinda tupu. Kwa jicho langu, huo ndio ujasiri wenyewe: kupiga plasta au zege la kupinda kwa urefu huo bila pambo la kuficha kosa ni kazi ngumu. Kila wimbi la mkono wa fundi lingeonekana. Nilitembea nikiwa nimeegemeza kichwa nyuma, nikitafuta wimbi. Nimepata moja dogo, karibu na mwisho, na nikalipenda.

Kazi ilianza miaka ya mwisho ya 1930, vita vikaisimamisha. Mahandaki yalikuwa yameshachimbwa, basi kampuni ya Plessey, ambayo kiwanda chake kilikuwa Ilford, ikayageuza kuwa karakana ya vipuri vya ndege na vifaa vya kijeshi. Mahandaki mawili, kila moja kama kilomita nne, kutoka huku hadi upande wa Leytonstone. Mashine zilipangwa kwa mstari mmoja mrefu, na kulikuwa na kireli kidogo cha kusafirisha mali. Watu kama 2,000 walifanya kazi humo, wengi wao wanawake, mchana na usiku bila kuona jua. Nilimweleza dada, akatazama shimo la handaki treni ilikokuwa inatokea, akasema, "Yaani hapa paliwahi kuwa kazini kwa mtu." Vita vilipokwisha mashine ziliondolewa, reli zikatandikwa, na tarehe 14 Desemba 1947 Gants Hill ikapokea abiria. Pick hakuiona. Alifariki Novemba 1941.

Tulikuwa tunabishana, kwa Kiswahili na kwa sauti yetu ya nyumbani, kama hilo dari ni plasta au nini, pale mzee mmoja wa Kihindi aliyesimama jukwaani na mkoba wa sokoni alipogeuka.

"Hamjambo, akina mama?"

Tukashtuka. "Hatujambo, shikamoo mzee."

"Marahaba." Akatabasamu. Kazaliwa Kisumu, akahamia huku kijana, na anaishi mitaa hii tangu watoto wake wakiwa wadogo. Akauliza tunatafuta nini. Nikamwonyesha dari, nikamweleza habari za Moscow na karakana. Alilitazama kwa muda mrefu, akasema kila siku hupita na macho yake huwa kwenye ngazi, kwa sababu ya magoti. Nikamwambia na ngazi nazo zilichorwa na mtu.

Dada akakumbuka watoto. "Ni saa ngapi sasa?"

Juu ya jukwaa kuna saa ya kituo. Haina tarakimu hata moja. Mahali pa kila namba wameweka ile alama ya Underground, duara lenye mstari katikati, kumi na mbili zimezunguka. Nilinyanyua uso kuisoma, lakini mzee aliniwahi.

"Saa tano kasorobo," akasema, na treni yake ikaingia.